Maelezo ya Paresh Kanubhai Kuhusu Migomba ya Mwalimu Alistidia

KITUO CHA POLISI, BUKOBA MJINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Paresh Kanubhai
Umri: Miaka 47
Kabila na dini: Mhindi, Mtanzania wa kuzaliwa; Mhindu
Kazi: Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi
Makazi: Miembeni, Manispaa ya Bukoba
Kosa linalochunguzwa: Kuharibu mali kwa makusudi, Nshambya
Tarehe: 23 Juni 2025

Nimefika kituoni mwenyewe, sikuitwa. Koplo Sada, anayeandika maelezo haya, amenikumbusha kwamba kumdanganya askari ni kosa, na kwamba nikijitaja mwenyewe katika jambo lolote baya maneno yangu yanaweza kutumika dhidi yangu. Nimeelewa. Nimemwomba aandike kama ninavyosema.

Nilizaliwa Bukoba, na baba yangu alizaliwa Bukoba. Tunauza saruji, nondo, mabati na misumari. Tangu mwaka jana nilikuwa pia meneja wa Korongo, timu ya kriketi inayocheza Ligi ya Kriketi ya Kanda ya Ziwa. Ni timu ya kulipwa. Afande ameniuliza maana yake. Maana yake wachezaji wana mikataba na mshahara, hawachezi kwa kujifurahisha kama tulivyocheza sisi zamani. Kwa mkoa huu haijawahi kuwepo. Niliona fahari sana nilipopewa cheo hicho. Nilichapisha kadi zenye jina langu na alama ya timu.

Mwenyekiti wa klabu ni Bwana Josia Rugaibula, mwenye maghala ya kahawa. Yeye ndiye aliyetoa fedha za kuanzisha timu, na fedha za ligi zilipita mikononi mwake. Alikuwa anajiandaa kuomba ubunge kwao Muleba. Watu walishaanza kumwita Mheshimiwa na yeye hakuwakataza. Hata mimi nilimwita hivyo.

Mechi zetu za nyumbani zilipangwa kuchezwa hapa Bukoba, ambako kuna pichi nzuri. Pichi ni ile njia nyembamba katikati ya uwanja ambapo mrushaji anadundisha mpira na mpigaji anausubiri kwa gongo. Huku kwetu inajengwa kwa zege, juu yake unatandikwa mkeka mzito uliopigiliwa misumari pembeni. Mpira wa kriketi ni mgumu kama jiwe. Zege likiwa zima, unadunda kwa namna ambayo mpigaji anaweza kuutabiri. Zege likiwa bovu, mpira mmoja unatambaa chini na unaofuata unaruka usoni.

Mwishoni mwa Mei Bwana Rugaibula alikuja dukani kwangu. Hakukaa.

Alisema, "Paresh, mechi yetu na Mwanza tunaipeleka Muleba."

Nikamwambia, "Muleba hakuna pichi, Mheshimiwa."

"Itakuwepo. Si wewe unauza saruji?"

Nilicheka. Aliyekuwepo dukani angedhani nimefurahi.

Uwanja aliouchagua ni wa mpira wa miguu, pembeni ya mji wa Muleba. Nilipiga hesabu ya mifuko ya saruji inayotakiwa. Akasema nipeleke nusu, mafundi waongeze mchanga, kwa sababu hatujengi ghorofa. Nikapeleka nusu. Katika siku hizo hizo fedha ambazo ligi ilitupa kwa ajili ya vifaa, zikiwemo kofia mpya za wapigaji zenye vyuma mbele ya uso, zilinunua fulana. Kifuani zilikuwa na picha ya korongo, mgongoni picha ya Mheshimiwa. Nilisimamia mimi zikipakiwa kwenye gari. Sikuuliza kofia ziko wapi.

Zege lilimwagwa Jumatatu tarehe 9 Juni 2025. Mechi ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Ninauza saruji tangu nilipomaliza kidato cha nne. Kila mteja anayejenga msingi namwambia amwagilie maji asubuhi na jioni, asubiri wiki tatu au nne, asiliamini zege changa. Namwambia hata kama hajaniuliza. Kuhusu lile zege la Muleba sikumwambia mtu yeyote.

Mnamo tarehe 14 Juni, Jumamosi, nilifika uwanjani asubuhi na mapema. Watu walikuwa wameshajaa. Wengi wao hawakuwahi kuiona kriketi, walikuja kwa ajili ya fulana, muziki na pilau. Viongozi wa chama cha siasa cha Mheshimiwa walikuwa wamewekewa viti vya kitambaa chini ya turubai.

Mwamuzi mkuu alikuwa Mwalimu Alistidia, mjane wa marehemu Mzee Rwekaza, mkazi wa Nshambya. Ni mwalimu wa sekondari. Alijifunza kriketi chuoni na amewafundisha watoto wa mkoa huu kwa miaka mingi bila malipo. Mwamuzi mwenzake alikuja na timu ya Mwanza, na alimwachia yeye maamuzi kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye mwenyeji. Miongoni mwa vijana aliowafundisha Mwalimu ni Rwegasira, mwenye umri wa miaka 22, mzaliwa wa Muleba. Ndiye kijana wa kwanza wa huko kupata mkataba wa kriketi. Kabla ya hapo alikuwa anaendesha bodaboda.

Mwalimu Alistidia alipofika alivua viatu, akatembea juu ya mkeka. Kisha alimwomba mtu ang'oe misumari ya kona moja, akaufunua. Akaligonga zege kwa kisigino. Ukingo ulimomonyoka. Alichukua punje zile akazisaga vidoleni, akaniita.

Alisema, "Hili ni la lini?"

Nikamwambia ni la siku nyingi kidogo.

"Paresh, hapa hatuchezi."

Bwana Rugaibula alikuwa anatuangalia toka kwenye turubai. Nilipomwendea hakunyanyuka. Alisema, "Malizana naye," akaendelea kuongea na wageni wake.

Nilimchukua Mwalimu nyuma ya gari la vyombo vya muziki. Nilimwambia mechi isipochezwa ligi haitatoa fedha, na vijana hawajapata mshahara kwa miezi miwili. Nilimwambia kwamba Rwegasira anataka kuezeka nyumba ya mama yake. Hayo yote yalikuwa kweli.

Mwalimu akasema, "Mpira ukimpiga mtu hapa, mshahara utamrudishia meno?"

Ndipo nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe unajua sheria, mimi najua saruji. Nimeipeleka mwenyewe. Juu limechubuka, lakini ndani limeshika. Ningekudanganya mimi?"

Akauliza, akiniita kwa neno la Kihaya la upole, "Kweli, waitu?"

Nikasema kweli.

Alirudi uwanjani, akawaagiza wapigilie mkeka upya, akawaambia manahodha wajiandae. Mazungumzo yale hakuna aliyeyasikia isipokuwa sisi wawili. Kama nisingefika hapa leo, yangebaki neno lake dhidi ya langu.

Saa tano hivi Rwegasira aliingia kupiga. Kofia aliyovaa ilikuwa ya zamani, vyuma vya mbele vilikuwa vimelegea wakavitoa. Alipiga vizuri. Watu walianza kuelewa ni wakati gani wa kushangilia. Mama yake, Klaudia, alikuwa amekaa kwenye majani pamoja na kina mama wenzake wa kanisani, wa KKKT. Hakuwahi kumwona mwanawe akicheza. Kila mpira ulipokwenda mbali aliuliza, "Ni vizuri hiyo?" na wenzake wakamjibu ni vizuri, ingawa nao hawakujua.

Mpira uliomuumiza haukuwa wa kasi sana, na mrushaji wa Mwanza hakufanya kosa lolote. Naomba hilo liandikwe, kwa sababu naye nimesikia analaumiwa. Ulidunda mahali ambapo zege lilikuwa limebonyea chini ya mkeka, ukapanda. Nilisikia mlio nikadhani umegonga gongo. Watu walishangilia. Rwegasira hakuanguka. Aliketi chini taratibu, kama mtu aliyedondosha kitu akawa anakitafuta, mkono wenye glavu ukiwa juu ya jicho la kushoto.

Mwalimu Alistidia alikuwa wa kwanza kumfikia. Alivua koti lake jeupe la mwamuzi, akamkandamizia usoni. Kelele zilipoisha nilimsikia Klaudia akiuliza tena, "Na hiyo, ni vizuri?"

Tulimpeleka hospitali ya Muleba, wakatuleta Bukoba. Kesho yake, Jumapili, nilikwenda kumwona. Daktari alikuwa ameshawaambia kwamba jicho la kushoto halitaona tena, na kwamba atasafirishwa kwenda Mwanza ili waliokoe la kulia. Klaudia alikuwa kwenye kibaraza pamoja na kaka yake, Ta Ildefons, Ta ikiwa ni kama kusema Bwana kwa Kihaya.

Klaudia aliniuliza kwa adabu, "Bwana Paresh, nani aliyesema wacheze pale?"

Nikamjibu kwamba tunachunguza.

Ta Ildefons akasema, "Mnachunguza nini? Si mlikuwepo?"

Nilitoa simu mfukoni, nikaiangalia kama inayoita, nikasogea pembeni. Haikuwa inaita.

Jioni hiyo Bwana Rugaibula alikuja nyumbani kwangu Miembeni. Mke wangu Bijal alimkaribisha chai. Mheshimiwa alisema viongozi wa ligi wanauliza nani mwenye makosa, na redio inataka mtu aje kesho asubuhi. Akasema, "Tukisema ni uwanja, tumejitaja. Mimi niliyeuchagua, wewe uliyeleta saruji. Hebu niambie, kwa kanuni zao, nani anaamua kwamba uwanja unafaa?"

Nikasema, "Mwamuzi."

"Basi. Mimi sijakufundisha uongo. Umesema mwenyewe."

Nikamwambia kwamba Mwalimu ni mtu wetu. Alijibu kwamba atafungiwa msimu mmoja, watu watasahau, na yeye atamtafutia kitu cha kumpoza. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni aligusia mabweni yatakayojengwa Muleba, kwamba yatahitaji saruji nyingi na mtu mwaminifu wa kuileta.

Alipoondoka Bijal aliniuliza kwa Kigujarati kama ni kweli Mwalimu ndiye aliyeupitisha uwanja. Nilimjibu kwamba mambo ya timu hayamhusu. Katika ndoa yetu sijawahi kumjibu hivyo. Alikusanya vikombe akaenda jikoni.

Jumatatu tarehe 16 Juni, asubuhi, nilikwenda kwenye redio moja hapa mjini, ambayo jina lake nimempa afande. Mtangazaji aliniuliza nani aliruhusu mechi ichezwe. Maneno yangu nayakumbuka, kwa sababu nilikuwa nimeyafanyia mazoezi garini. Nilisema, "Kwa mujibu wa sheria za kriketi, mwenye uamuzi wa mwisho kuhusu uwanja ni mwamuzi. Sisi viongozi hatuna mamlaka ya kumwingilia."

Sentensi ya kwanza imo katika kitabu cha sheria. Ya pili ni uongo.

Mtangazaji akauliza mwamuzi alikuwa nani. Ningeweza kusema hilo wanalishughulikia wahusika. Nilitaja jina lake lote. Kisha nikasema, "ni mwalimu, anakaa pale Nshambya." Koplo Sada ameniuliza kwa nini nilitaja anakokaa. Hakuna aliyeniuliza anakaa wapi. Nadhani nilitaka nionekane mtu asiyeficha kitu.

Siku iliyofuata ligi ilimfungia Mwalimu Alistidia maisha, si msimu mmoja. Bwana Rugaibula alikwenda hospitali Mwanza kumwona Rwegasira, akapigwa picha akiwa ameshika mkono wake. Picha hizo zilisambaa. Mwalimu hakunipigia simu. Nilikaa na simu karibu siku nzima nikiomba asinipigie.

Jumatano tarehe 18 Juni asubuhi, mteja wangu mmoja anayekaa Nshambya alinipigia. Alisema, "Umesikia? Mwalimu amekatiwa kibanja."

Afande anatoka mkoa mwingine, ameniomba nieleze. Kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Kwa Wahaya si shamba tu. Chakula kinatoka hapo, kahawa iko hapo chini ya migomba, na waliokufa wamezikwa hapo hapo. Mwizi anaiba mkungu na kuondoka. Anayekata migomba yote haibi. Anakuambia kwamba huna kwako. Mimi si Mhaya, lakini nimeishi nao maisha yangu yote, na niliposikia neno lile nilifunga duka.

Nilikwenda. Nilikuta migomba imekatwa kwa panga usawa wa kiuno, karibu yote, upande wa mbele na wa nyuma. Utomvu ulikuwa bado unatiririka. Mikungu michanga ilikuwa chini, imekatwakatwa ndizi moja moja ili isipikike. Kaburi la Mzee Rwekaza, ambalo siku zote lilikuwa kivulini, lilikuwa juani peupe, na majani makavu yametapakaa juu yake. Majirani walikuwa wamesimama njiani.

Mwalimu alikuwa anafagia kaburi kwa mkono. Aliponiona alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye kanga.

Nikasema, "Mwalimu, nitalipa."

"Utalipa nini?"

"Migomba."

"Migomba ina machipukizi, waitu. Mwakani itakuwa imesimama." Hakupandisha sauti. Alisema, "Rwegasira alinipigia jana toka Mwanza. Aliniuliza, Mwalimu, ni kweli ulijua zege ni bovu ukatuacha tucheze? Nikamwambia niliambiwa ni zima. Akauliza niliambiwa na nani."

Nilimwuliza alimjibu nini.

"Sikumjibu. Nilisema huyo mtu atakuja kukwambia mwenyewe. Umeshamwambia?"

Nikasema bado.

Akasema, "Basi bado," akarudi kufagia.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja redioni, nikaomba dakika tano hewani. Mhusika wa vipindi aliniambia kwamba Mheshimiwa amelipia vipindi vingi mwezi huu, na kwamba jambo lile limeshazungumzwa. Sikubishana. Kwa kweli nilipotoka nje nilihisi nafuu, kwamba nimejaribu na imeshindikana.

Mchana huo huo polisi walimkamata Ta Ildefons na wanawe wawili. Jioni Bwana Rugaibula alinipigia. Alisema, "Nasikia unazunguka mjini. Kesi ya migomba ni ya migomba, Paresh. Usiichanganye na kriketi. Wale ni watu wangu wa Muleba, nitawatoa mimi." Nilielewa kwamba akiwatoa itamletea kura, na wakifungwa hakuna atakayemuuliza yeye.

Tangu Alhamisi hadi juzi Jumamosi sikufanya kitu. Nilifungua duka, nilifunga duka. Juzi mteja mmoja wa Rwamishenye alinunua saruji ya msingi wa nyumba. Nikaanza kumweleza kama kawaida, mwagilia maji, subiri, usiwe na haraka. Nikaishia katikati ya sentensi. Yule bwana alidhani ninaumwa, akanitafutia kiti changu mwenyewe. Bijal alikuwa kaunta. Mteja alipoondoka aliniambia, "Kama huwezi kwenda kwa Mwalimu, na huwezi kwenda kwa mama wa yule kijana, nenda angalau kwa watu ambao kazi yao ni kuandika." Ndiyo maana nimekuja.

Jana jioni nilimpigia Rwegasira. Nilimweleza niliyomwambia Mwalimu nyuma ya lile gari. Kisha akauliza, "Wewe mzee, si ndiye uliyenifungia pedi asubuhi ile?" Nikasema ni mimi. Akakata simu. Ni kweli nilimfunga pedi za miguuni mimi mwenyewe, na nilimwambia apige bila woga.

Afande ameniuliza kama nilimwona mtu akikata migomba. Sikumwona. Sijui nani alishika panga, na siwezi kusema ni Ta Ildefons au si yeye. Ninachojua ni kwamba aliyekata, yeyote yule, alikwenda kwenye nyumba niliyomwelekeza mimi, kwa hasira niliyompa mimi. Sisemi asihukumiwe. Nasema mahakama isikie yote.

Ningependa iandikwe kwamba niliogopa. Familia za Kihindi hapa Bukoba tumebaki chache, na tumelelewa tukiambiwa tusigombane na mwanasiasa. Hilo ni kweli, lakini nikiishia hapo nitakuwa nimedanganya tena. Pia nilitaka biashara ya mabweni. Pia nilipenda kukaa viti vya mbele na kuitwa meneja. Mwalimu naye alikuwa na woga wake, ni mjane, mwalimu wa serikali, na mbele yake kulikuwa na mtu anayeitwa Mheshimiwa. Yeye alisimama akasema hapa hatuchezi.

Timu ya Korongo sasa haipo. Wachezaji wa nje wameondoka, na mshahara wa miezi ile hawakupata, ingawa mechi ilichezwa. Nimejiuzulu umeneja, kwa maandishi, ingawa hakuna tena kitu cha kujiuzulu. Rwegasira atarudi kwao Muleba wiki hii na jicho moja.

Kuna jambo moja la mwisho, la leo. Nilipofika hapa kituoni asubuhi, Klaudia alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na hotpoti ya chakula, anasubiri saa ya kumwona kaka yake mahabusu. Aliponiona alisimama. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyosalimia wanawake wa Kihaya wenye heshima. Alisema, "Asante, waitu. Wengine wote walituficha. Wewe peke yako ulituambia ukweli redioni. Mungu akutunze."

Na mimi niliitikia amina. Nilisema amina, nikaingia humu ndani.

Bado yuko pale nje, namsikia akikohoa. Nimemwomba Koplo Sada kwamba nikimaliza kusaini asinipitishe mlango wa nyuma.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasema na niliyoyanyamazia. Nimesomewa kwa Kiswahili, lugha ninayoielewa, nimekubali kwamba yameandikwa kama nilivyosema, na naweka saini yangu.

(Saini) Paresh Kanubhai

Maelezo ya askari:
Nimeandika maelezo haya mimi, Koplo Sada, leo tarehe 23 Juni 2025, katika Kituo cha Polisi Bukoba Mjini. Shahidi alikuwa na akili timamu, hakushurutishwa wala kuahidiwa kitu. Aliomba maji mara mbili.

Baada ya kusaini, saa 6:10 mchana, shahidi alitokea mlango wa mbele, akaketi kwenye benchi karibu na Bi Klaudia, dada wa mtuhumiwa wa kwanza. Walizungumza. Yaliyosemwa sikuyasikia. Bi Klaudia alinyanyuka, akaenda hadi kwenye geti akiwa na hotpoti yake, akasimama huko kwa muda, akarudi. Hakuketi tena kwenye benchi lile.

Saa 6:40 aliingia ofisini kwangu na kuomba naye aandikwe maelezo. Nilimwambia shahidi Paresh kwamba kazi yetu naye imekwisha na anaweza kwenda nyumbani. Alisema atasubiri. Bi Klaudia, akiwa ameshaketi mbele yangu, alisema, "Mwache asubiri. Ninayotaka kusema na yeye ayasikie."

(Saini) Koplo Sada